Mama alimuuliza padri kama mawese yanafaa

Mikono ya mama yangu ina rangi. Siyo uchafu, ni mawese, miaka zaidi ya thelathini ya kuchemsha chikichi na kukamua na kuengua mafuta juu ya sufuria, ile rangi imeingia kwenye mistari ya viganja na pembeni mwa kucha haitoki tena hata akisugua na sabuni ya mche. Tulivyokuwa wadogo tulikuwa tunajua kama mama karudi kwa kuangalia kitasa cha mlango, kikiwa na alama ya dole la chungwa basi yupo ndani. Kwetu ni Mwandiga, hapo nje kidogo ya Kigoma mjini, nyumba ina michikichi nyuma na mingine alirithi kwa baba yake huko milimani, na hiyo michikichi ndo imetusomesha wote wanne.

Naanza na mikono kwa sababu kila nikikumbuka ule mwaka 2022 kitu cha kwanza kinachonijia ni hiyo mikono imefunguliwa, viganja juu, mama amekaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni na padri amesimama mbele yake. Nitafika hapo.

Ilianza mwishoni mwa 2021. Mama alikuwa na miaka 58, mambo ya hedhi alishayaaga zamani, afu akaanza kuona damu. Kidogo tu. Hakusema. Sasa we fikiria mama wa Kiha wa umri ule aanze kumwambia mtu damu inatoka wapi, labda amwambie shangazi, na shangazi mwenyewe yuko Kibondo. Akaenda zahanati moja akapewa dawa za yutiai, zikaisha, akarudi akapewa zingine, akarudi mara ya tatu wakampa zilezile ila paketi ya rangi nyingine. Hakuna aliyempima zaidi ya mkojo. Miezi mitatu inapita hivo hivo. Mi nilikuja kujua kwa bahati tu, nimeenda Jumamosi kumsalimia nikakuta kanga zake tatu zimeloekwa kwenye beseni nyuma ya nyumba, na maji yale hayakuwa maji ya mawese. Nikamuuliza mama hii nini, akasema mwanangu acha hizo kanga nitafua mwenyewe. Nikajua.

Jumatatu yake nikaomba ruhusa shule (mi ni mwalimu wa msingi) nikampeleka hospitali ya Maweni. Kipimo cha kwanza ni rahisi mpaka kinatia hasira, wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi wanasubiri kidogo, pakiwa na shida panageuka peupe. Siki! Hiyo hiyo ya kachumbari. Nesi aliyempima alikuwa mdada mdogo tu, mpole sana, akamwita mama "mama yangu" muda wote, akaita daktari, daktari akaangalia akakata kinyama kidogo cha kupeleka maabara. Majibu yalichukua wiki tatu. Saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya 2B, maana yake imeshatoka pale ilipoanzia imeingia nyama za jirani, kwa hiyo siyo ya kupasua tena, ni mionzi na dripu za dawa, na mionzi yenyewe Kigoma hakuna, ni kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Mama akauliza swali moja tu pale mbele ya daktari. "Na chikichi zangu zilizoiva?"

Sasa nisidanganye mtu, mi kusali kulinishinda. Nimezaliwa Mkatoliki, nimepata kipaimara, kwaya nimeimba mpaka nimeolewa, ila zile wiki tatu za kusubiri majibu nilikuwa nikipiga magoti nalala, au nabaki naangalia ukuta. Maneno hayaji. Na yakija ni ya ugomvi. Mbona yeye. Huyu mtu ambaye Jumapili hajawahi kukosa misa, mvua inyeshe barabara ya Mwandiga igeuke tope anakuja na viatu mkononi, huyu ndo umempa hii? Na nilikuwa naona dhambi kuwaza hivo, kwa hiyo nikawa na vitu viwili, hasira na aibu ya kuwa na hasira, afu asubuhi naenda kufundisha darasa la nne kuzidisha.

Majibu yalipotoka kaka yangu akaleta mtumishi. Simtaji, na kanisa lake silitaji, ila alikuja na suti na wasaidizi wawili, akaomba kwa sauti mpaka kuku wakakimbia, afu alipomaliza akasema ile tiketi ya treni tunayotaka kukata ni tiketi ya kutokuamini. Kwamba tukimpeleka mama kwenye mionzi tumemwambia Mungu hatoshi. Na kuna sadaka ya laki tatu ya kumfunga adui. Kaka alikuwa tayari, masikini, hakuwa mjinga, alikuwa anaogopa tu kama mimi na mtu anayeogopa ukimwonyesha mlango anaingia. Mama akamsikiliza yule mtumishi mpaka mwisho kwa adabu zote, akamshukuru kwa kuja, akamwambia, "Baba, huyo Mungu akitaka kuniponya nikiwa ndani ya treni atashindwa?" Yule bwana hakuwa na jibu, akanywa chai akaondoka. Kaka alikasirika siku mbili.

Ndipo mama akasema anataka Mpako wa Wagonjwa.

Kwa ambao si Wakatoliki, hiyo ni sakramenti, padri anakuja anamwombea mgonjwa na kumpaka mafuta, imetoka kwenye barua ya Yakobo sura ya tano pale anaposema mtu akiwa mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Tatizo ni kwamba wazee wetu wanaijua kwa jina la zamani, mpako wa mwisho. Kwao padri akiingia na kile kichupa basi kachimbeni. Mama mdogo aliposikia alianza kulia palepale kwenye simu, akafunga safari toka Kasulu na kitenge cha msiba kwenye begi, nakwambia ukweli, tulikiona baadaye. Jirani mmoja akaja kuuliza kama tuanze kupanga viti.

Padri alikuja jioni ya Jumatano na pikipiki. Kijana, wala hana mvi, na alipoona sura zetu akaelewa hali ya hewa. Hakuanza sala. Akaomba maji ya kunywa, akakaa, akaanza kutuelezea taratibu kama tuko semina kwamba zamani kweli desturi ilikuwa kungoja mtu awe anakata roho, ila toka Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano wa maaskofu wa 1962 mpaka 1965, kanisa lilirudisha mambo mahali pake, hii ni sakramenti ya mgonjwa siyo ya maiti mtarajiwa (alisema hivo hivo, maiti mtarajiwa, mama mdogo akaacha kulia akacheka bila kupenda), na unaweza kupakwa leo na ugonjwa ukizidi ukapakwa tena. Akasema na hii haiji badala ya hospitali. "Mama anapakwa ili aende Dar, siyo ili asiende." Nilimwangalia kaka. Kaka akaangalia chini.

Afu akatoa kichupa, kidogo kama cha pafyumu, na mama ambaye muda wote alikuwa kimya akanyoosha shingo akauliza, "Baba, hayo ni mafuta ya nini?"

Padri akasema ni ya zeituni mama, askofu huyabariki kwenye ile misa ya Juma Kuu, kila parokia inachukua yake.

"Na mawese hayafai?"

Sisi tukataka kupasuka kwa aibu, mama mdogo akamvuta kanga. Lakini padri hata hakucheka, akafikiri kidogo akasema, yanafaa. Kumbe zamani ilikuwa lazima yawe ya zeituni, afu mwaka 1972 Papa Paulo wa Sita akaruhusu kwamba mahali ambapo zeituni ni shida kupatikana yatumike mafuta mengine, mradi yatokane na mmea. Maaskofu wengi walikuwa wamemwomba, wa nchi ambazo zeituni unaisoma kwenye Biblia tu huwezi kuiona shambani. Mama akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia habari za ndugu yake aliyepandishwa cheo. Akasema, "Kumbe."

Akampaka kwenye paji la uso. Afu akamwambia afungue mikono. Na mama akaifungua, ile mikono yenye rangi ya chungwa kwenye mistari, na nikaona dole gumba la padri linaweka msalaba wa mafuta juu ya mafuta, kiganja cha kulia, kiganja cha kushoto. Mama akaanza kusali kimyakimya, na mama akisali kwa uchungu huwa anahama Kiswahili anaingia Kiha, Imana, Imana, yaani Mungu, hilo tu nilikuwa nalisikia. Sijui nielezeeje. Sikuona mwanga, sikusikia sauti, ila toka ile Jumamosi ya kanga ndo mara ya kwanza nilivuta pumzi ikafika chini. Nililia sana, ila kilikuwa kilio cha aina nyingine, kama mtu aliyebeba ndoo mbali afu kuna mtu kamtua.

Tuliondoka mwezi wa nne. Jumuiya yetu ya kanisani ilichanga, na nataka niseme hapa maana watu wanaona jumuiya ndogondogo ni mambo ya kusoma mahudhurio na kugombana michango. Walileta bahasha ya shilingi 143,000, na sehemu kubwa ilikuwa noti za elfu moja na sarafu, unajua kabisa hizi zimetoka kwenye vibubu. Mama mmoja anayechuuza pale Kibirizi hakuwa na hela, akaleta dagaa kilo mbili waliokauka vizuri, akasema huko Dar mtauziwa dagaa wa mchanga. Na Bibi mmoja wa Ujiji, Mwislamu, rafiki wa mama wa kuuziana mafuta toka sijazaliwa, alimsomea dua mlangoni na toka siku hiyo alikuwa anatuma elfu tano kila Ijumaa, kila Ijumaa mpaka tumerudi, hajawahi kuruka. Mama alikuwa anasema huyu ndo ataniombea kwa Mungu maana mimi deni langu naye sitalimaliza.

Treni. Stesheni yetu ya Kigoma aliyoiacha Mjerumani ni nzuri kuiangalia, ila ukiwa na mgonjwa unachohesabu ni ngazi za behewa. Reli ilifika kwetu 1914 na ni zaidi ya kilometa 1,200 mpaka Dar, na mama alitokwa damu njia nzima. Tulikata daraja la pili la kulala, tukachangia chumba na wanawake wanne wengine. Usiku tumepita Uvinza, kabla ya Kaliua, mama akachafuka vibaya, kanga zimeisha za mkononi, mabegi yako juu, giza, mi natetemeka nashika tochi ya simu mdomoni. Kuna mama mmoja hatukuwa tumesalimiana vizuri hata, aliamka, hakusema kitu, akatoa kitenge chake kipya kabisa, bado kina ile stika ya kiwanda, akanipa, afu akawaambia wale wengine "jamani tuangalie dirishani." Wote wakageuka wakaangalia dirishani. Nje giza totoro hakuna cha kuona. Waliangalia lile giza mpaka nikamaliza kumvalisha.

Huyo mama alishuka Tabora alfajiri, akatununulia na chupa ya asali pale pale kwenye madirisha. Jina simjui mpaka leo.

Ocean Road iko kando ya bahari kweli, na majengo ya zamani nayo ni ya Mjerumani yuleyule, mama akasema huyu mtu alijua kwamba watu wa Kigoma watakuja kuumwa akatuwekea na usafiri. Siku ya kwanza alivyoiona bahari alisimama akaiangalia, akasema ni ziwa tu hili, akashuka akachovya kidole akalamba akatema. "Wameliharibu na chumvi."

Tulikaa Gongo la Mboto kwa mjomba, asubuhi saa kumi na moja tuko kwenye daladala. Mionzi ya nje 25, siku tano kwa wiki, Jumamosi na Jumapili mapumziko. Kila wiki mara moja dripu ya dawa, inatanguliwa na maji mengi na inafuatwa na maji mengi maana ile dawa inaonea figo. Wanamchora alama za wino mwilini anaambiwa asizisugue, na anatakiwa anywe maji kibofu kijae ndo aingie, sasa mtu ana miaka 58 kibofu kimejaa foleni haisogei, wale wamama walikuwa wanacheka wenyewe kwa wenyewe jinsi wanavyobana miguu. Ndani analala peke yake, mashine inamzunguka dakika chache, haina maumivu, haina hata harufu. Mateso yanakuja baadaye, kuharisha, kutapika, ngozi inaungua, mdomo unakuwa kama umelamba shaba. Mwishoni ikaja mionzi ya ndani, mara tatu, hiyo sitaisimulia, mama mwenyewe haisimulii.

Alihesabia kwenye rozari. Kila akitoka kwenye mashine anafunga uzi mwekundu kwenye shanga moja, alichomoa nyuzi hizo kwenye kikoi cha mjomba kidogo kidogo mpaka mjomba akauliza panya wa humu ndani wakoje. Rozari ina makumi matano, mionzi 25 ni makumi mawili na nusu, kwa hiyo alikuwa anasema "leo niko kumi la kwanza shanga ya saba". Mi ndo nilianza kusali tena hapo, siyo kwa imani kubwa, kwa sababu tu ilibidi nimshikie rozari akiwa anatapika na kidole kiko kwenye shanga nikaona basi nisiiache tupu, Salamu Maria umejaa neema, moja, nikaishia hapo. Siku hiyo moja ilitosha. Kesho yake mbili.

Na kila Jumamosi saa moja asubuhi jumuiya inasali Mwandiga, wanatupigia simu wanaweka laudspika. Mtandao unakatika katika, unasikia nusu ya Baba Yetu, jogoo, mtoto analia, mtu anasema "sogeza simu huku", nusu nyingine ya Baba Yetu. Mama anaweka simu juu ya mto anafumba macho. Kuna wiki alikuwa hawezi hata kusema amina. Nilimwuliza siku moja, mama unaamini kabisa utapona? Akasema, "Mi najua kwamba watu wananiombea saa moja. Hiyo najua." Afu akasema tena kuna ile Zaburi ya 27, mwisho mwisho, Daudi anasema anaamini atauona wema wa Bwana katika nchi ya walio hai, siyo mbinguni, mbinguni kila mtu anategemea, hapa hapa. "Sasa mwanangu mi wema nimeshauona mwingi hapa hapa kabla sijajua kama napona. Yule wa kitenge."

Nilichokuwa nakitafuta mimi ni hakika. Nilitaka Mungu anipe kama risiti hivi, mama atapona, muhuri, sahihi. Sikupewa, na nikiwa mkweli hata leo sina.

Kwa sababu kuna mama wa Sumbawanga. Alikuwa foleni moja na mama, wamelingana umri, alama zao za wino wanalinganisha, Mlutheri, anaimba kwa sauti ya chini chini mpaka manesi wanampenda. Binti yake na mimi tulikuwa tunabadilishana kwenda kununua uji. Alikuwa hatua ya tatu, figo zikagoma, mionzi ikasimamishwa, akafa Jumapili. Aliomba kama mama yangu. Aliombewa kama mama yangu, kanisa lake lilikuwa linafunga kwa ajili yake. Nilimkuta binti yake amekaa kwenye ukuta upande wa bahari ameshika chupa ya uji bado ina joto, nikakaa naye, sikuwa na neno, na ole wake mtu aliyekuja pale akamwambia "kazi ya Mungu haina makosa", nilimwangalia mpaka akaondoka. Usiku nikamwambia mama nieleze, we si ndo unajua kusali, kwa nini yeye na siyo wewe. Mama akakaa kimya muda mrefu nikafikiri kalala. Akasema mi sijui. Akachukua rozari akasali matendo ya uchungu yote matano kwa ajili ya yule mama, na alikuwa hajala siku mbili, na mi nikaitikia. Swali langu bado liko palepale nililipoliweka. Nimejifunza kusali nikiwa nalo, nalipisha pembeni kidogo kama mgeni kwenye benchi.

Tulirudi Kigoma mwezi wa saba. Kitu ambacho hatukukitarajia, mama hakuweza kuvumilia harufu ya mawese. Yaani mtu ambaye nguo zake zote zinanukia mawese, akisikia jirani anachemsha chikichi anafunga madirisha. Ni zile dawa, zinageuza pua na ulimi, walituambia inaisha ila hawakusema lini. Kaka ndo aliingia kwenye kukamua, yule yule kaka, anaungua vidole, anaunguza mafuta, mama analala chumbani anasikia harufu imepitiliza anapiga kelele ukutani "punguza kuni!" afu anatapika. Mwezi wa nane hivo. Mwezi wa tisa hivo. Mi nilikuwa naogopa hiyo kuliko majibu ya hospitali, nikaona kama ugonjwa umeondoka umeondoka naye.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, nimelala kwake, akaja akasimama mlangoni kwa jikoni akasema nataka maharage. Nikasema sawa nikaange na kitunguu kwa alizeti? Akaniangalia kama nimemtukana. "Alizeti ya nini kwenye nyumba hii?" Nikaweka mawese, kijiko kimoja tu kwa woga. Akasogea akainama juu ya sufuria akanusa, mi nimeshika beseni nyuma yake nasubiri. Akachukua ule mwiko kwangu akaongeza vijiko viwili. Alikula na ugali wa muhogo, taratibu, dakika arobaini nzima, nilikuwa naangalia saa. Nilienda nyuma ya nyumba nikapiga magoti kwenye maganda ya chikichi na hapo maneno yalikuja yenyewe.

Kliniki ilikuwa kila miezi mitatu, sasa imekuwa kila miezi sita. Kila tukikaribia tarehe tumbo langu linakata, na mama naona anafua kanga zake zote siku moja kabla ya safari, hasemi kitu. Mpaka sasa majibu ni mazuri. Neno wanalotumia ni "hakuna dalili za ugonjwa", siyo "amepona", na mama amelielewa hilo kuliko mimi, anasema hata kabla sijaumwa hakuna aliyenipa barua ya kuishi.

Mwezi wa nne 2024 walikuja shuleni kwetu kuchanja mabinti wa miaka 9 mpaka 14, ile chanjo ya virusi vya HPV ambavyo ndo vinaleta hii saratani, chanjo ilianza nchini 2018 na sasa imekuwa dozi moja tu. Kuna wazazi waligoma, mnajua maneno ya mtaani, kwamba inafunga kizazi. Nikamwomba mama aje kwenye kikao. Alisimama mbele ya wazazi na ile kanga yake, yeye ambaye miaka miwili nyuma alikuwa anaficha beseni nyuma ya nyumba, akaeleza yote, damu, siki, mionzi ya ndani ambayo mimi mwenyewe hajawahi kunieleza. Akamaliza akakaa. Baba mmoja aliyekuwa amekuja kumtoa binti yake akauliza, foleni inaanzia wapi.

Juzi Juma Kuu lilipokaribia mama akajaza galoni la lita tano, mawese mapya, mekundu yametulia, akafunika na nailoni juu ya kifuniko ili yasimwagike, akanituma parokiani. Nikamwambia mama jamani padri alisema zeituni zikikosekana, na zeituni zipo. Akasema mi nimesikia, we peleka. Padri alilipokea galoni kwa mikono miwili akalisoma kama barua, akasema mwambie mama askofu mwaka huu bado ana zeituni. Nikarudisha majibu. Mama alikuwa anaosha sufuria kubwa, hakugeuka hata.

"Basi aungie maharage. Na mwakani nitapeleka mengine."